Naomba ushauri: chumba cha juu au cha chini, Mji Mkongwe?

Wakuu, ni usiku 2 kwa wawili, Zanzibar, kwenye zile nyumba za kale zilizogeuzwa hoteli ndogo za kifahari. Chumba cha juu kina upepo wa bahari, ila nyingi hazina lifti, na ngazi zake za mbao utadhani unakwea mnazi. Cha chini hupozwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, lakini dirisha linatazama kichochoro: pikipiki na soga za barazani hadi usiku. Mngechukua kipi?

Gari haliingii vichochoroni. Ukishuka boti ya Dar, hoteli hutuma hamali au unajitafutia? Na bei wanayotaja, tozo ya kila mtu kwa usiku huwa imo, au hudaiwa mapokezini?