Acheni kuita kila kipigo na kila simu iliyochukuliwa "unyang'anyi"

Wakuu, nimechoka. Ikiwekwa tu habari ya mtu kupigwa na mali yake kuchukuliwa, wachangiaji wanajaa: "huo ni unyang'anyi, afungwe maisha!" Hati ya mashtaka mmeisoma?

Unyang'anyi si kipigo kujumlisha wizi. Lazima wizi wenyewe uwepo, nguvu au tishio la nguvu viwepo, na nguvu hiyo iwe imetumika kwa ajili ya wizi. Hapo mwisho ndipo mnaporuka kila siku. Watu wamegombana, mmoja kapigwa, kakimbia, simu imebaki chini. Mpigaji anaiona baadaye, anaitia mfukoni. Hayo ni makosa mawili, shambulio na wizi, kila moja na adhabu yake. Ngumi haikurushwa kwa ajili ya simu.

Halafu yupo mdai aliyemkaba mdaiwa wake. Kama aliamini kwa dhati kwamba sheria inampa haki ya kuichukua fedha ile, nia ya kuiba haipo, na bila wizi hakuna unyang'anyi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishaamua hivyo katika kesi ya Robinson, 1977. Shambulio linabaki palepale, sijasema aachiwe!

Kinachoniudhi zaidi ni wanaonakili vitabu vya Uingereza bila kutazama sheria inayohusika. Kifungu cha 8 cha sheria yao ya wizi ya 1968 kinataka nguvu itumike mara tu kabla ya kuiba au wakati wa kuiba. Kifungu cha 295 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaongeza mara tu baada ya kuiba, hata ikiwa mwizi anapigana ili asinyang'anywe alichokwisha kuiba. Na akiwa na silaha ya hatari, au na mwenzake, au akimjeruhi mtu, kifungu cha 296(2) kinataja kifo. Kifo, jamani! Halafu mtu anajibu kwa kubahatisha.

Na ninyi wa "hakuguswa, hakuna kosa": kwa sheria ya Uingereza, kumfanya mtu ahofu kwamba atapigwa papo hapo kunatosha kuwa shambulio. Katika kesi ya mshtakiwa aitwaye Ireland (si nchi), 1997, ilikubalika kwamba hata simu za kupiga na kukaa kimya zinaweza kufikia hapo.

Anayebisha aweke kifungu, si matusi.