Naomba ushauri: nyimbo zenye namba kwenye jina, kuanzia moja hadi kumi

Wakuu, habari zenu. Mama yetu anastaafu ualimu wa hesabu na tunamwandalia sherehe nyumbani. Nataka muziki uhesabu: kila wimbo uwe na namba kwenye jina, tukipanda moja hadi kumi.

Moja nimeweka "Number One" ya Diamond Platnumz. Tatu ni "Three Little Birds" ya Bob Marley (1977), na tano ni "Mambo No. 5" ya Lou Bega. Saba siibadilishi kwa lolote: "7 Seconds" ya Youssou N'Dour na Neneh Cherry, ya 1994. Youssou anaanza kwa Kiwolofu, na ingawa mama haelewi neno hata moja, akiusikia huacha kila anachofanya.

Nimekwama kwenye mbili, nne, sita, nane, tisa na kumi. Ningependa sana ziwe za Kiswahili: dansi la zamani, taarabu, hata bongo fleva, mradi wazee wacheze.

Halafu wenye uzoefu wa kupiga muziki shereheni, nifuate mpangilio wa namba hivyo hivyo, au "7 Seconds" niupeleke wakati wa chakula kwa sababu ni wa taratibu? Naogopa utawakalisha watu waliokwisha kuchangamka.