Naombeni ushauri: binti yangu kidato cha tatu Kiingereza kinamshinda, mwalimu wa kumfundisha nyumbani nampataje?

mama_wawili_mbagala:
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naombeni mawazo maana kichwa kimejaa. Nina binti yangu wa kwanza, yuko kidato cha tatu shule ya kata huku Mbagala, msingi kasoma shule ya serikali kwa Kiswahili kama watoto wengi wa huku. Sio mtoto mzembe kabisa, Kiswahili anapata A, hesabu anajikongoja lakini hafeli, ila Kiingereza jamani, mtihani wa muhula huu kapata 21, uliopita 24, na kidato cha pili aliponea kwenye D. Sasa naona baiolojia na historia nazo zinaporomoka, na mimi nahisi sio kwamba hajui, ni swali lenyewe halielewi limeuliza nini.

Juzi nikachukua daftari lake nikalipitia. Mwandiko mzuri, notsi zimejaa, tiki nyekundu kila ukurasa, moyo ukatulia. Nikamwambia haya nisomee hapa halafu uniambie maana yake. Akasoma vizuri tu, kufika kwenye kueleza akanyamaza. Nikamuonyesha mstari mwingine, kimya. Nikaona machozi yanamlengalenga nikafunga daftari. Kumbe muda wote huo mtoto anachora tu kilichopo ubaoni.

Tuisheni ya hapa mtaani nimempeleka miezi mitano, chumba kimoja watoto kama 60, buku kwa siku, sijaona mabadiliko. Baba yake kasema bora tutafute mwalimu wa kuja nyumbani. Sasa mwalimu mzuri anapatikana wapi, malipo yakoje, na nitajuaje kama anaijua kazi maana mimi mwenyewe niliishia la saba? Mtihani wa kidato cha nne wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, ni mwakani Novemba. Na huyu ni mtoto wa kike, mimi natoka alfajiri kwenda kwenye biashara narudi jioni, sitaki mtu nisiyemjua akae naye peke yake ndani.

Mwl_Chaki:
Pole mama, na hongera kwa kulifungua hilo daftari, wazazi wengi wanaishia kuangalia tiki. Nafundisha Kiingereza sekondari mwaka wa 14 sasa, shule za kata hizihizi, na huyo mtoto wako namjua, maana darasani kwangu kila mwaka ninao wa aina yake 30 au 40. Miaka saba amesoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa kipindi tu kama vipindi vingine, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza karibu kila somo limegeuka kuwa Kiingereza. Anayekosa kushika pale mwanzoni anajifunza kunakili ili asichapwe na asichekwe, na anakuwa fundi wa kunakili kwelikweli.

Kwa hiyo kabla hujatafuta mwalimu naomba ufanye kitu kimoja, nenda shule ukaombe karatasi ya majibu aliyosahihishiwa, ile yenye 21. Usiishie kwenye ile maksi, angalia maksi zimepotelea wapi. Kuna mtoto anaacha maswali wazi, huyo hakuelewa swali. Kuna anayejaza kurasa tatu akapata mbili, huyo kaelewa nusu. Kuna anayejibu sawa ila sentensi zimevunjika. Hawa ni watoto watatu tofauti, na dawa zao hazifanani hata kidogo. Mwalimu wa tuisheni mwenye watoto 60 anawapa wote dawa moja, anaandika tenses ubaoni kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na mbili wananakili wanaondoka.

Jaribu na hili nyumbani, tafuta kitabu cha hadithi cha Kiingereza cha watoto, hata cha darasa la tano, asome ukurasa mmoja na apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Ikiwa kila mstari una maneno mawili matatu hajui, basi shida sio grama, ni maneno, na anatakiwa aanzie pale pale kwenye hadithi rahisi, sio kwenye notsi za kidato cha tatu. Inaonekana kama kurudi nyuma lakini ndio njia fupi.

Kuhusu kumjua mwalimu, ukimpata mtu mpe ile karatasi ya 21, muulize "huyu mtoto anasumbuliwa na nini?" Akianza kuongea kabla hajaisoma, mshukuru aende. Akitulia akaisoma, akamuuliza mtoto swali moja mbili kwa upole, huyo mkae mzungumze bei.

Na maksi zisikutishe, chini ya 30 ni F, 30 mpaka 44 ni D, C inaanzia 45. Kwa muda uliobaki kutoka 21 kwenda C inawezekana, nimeshaona wengi wakifika, ila sio kwa mwezi mmoja.

Chuma_cha_Pwani:
Muhamishe tu mpeleke bodingi ya private, huko wanaongea Kiingereza mpaka bwenini. Shule za kata utapoteza hela bure.

mama_wawili_mbagala:
@Chuma_cha_Pwani nashukuru kaka ila nauza nyanya, na ana mdogo wake yuko la sita. Ada ya private siwezi.

@Mwl_Chaki Mungu akubariki mwalimu. Nimejaribu leo jioni na kitabu tulichoazima kwa jirani. Ukurasa mmoja kapiga mistari 31. Alikuwa anaona aibu kupiga mistari, nikamwambia mimi ningepiga ukurasa mzima.

kijana_wa_changombe:
Shikamoo mama. Mimi nasomea ualimu hapa DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu kilichopo Chang'ombe, Kiingereza na fasihi, kwa hiyo nimeguswa. Kutoka Mbagala hapa sio mbali, na tupo wengi tunaofundisha majumbani wikiendi, nauli na hela ya kula ndio zinatoka humo. Kwa wanaokuja nyumbani bei zetu nyingi ni elfu 8 mpaka 10 kwa kipindi cha saa moja na nusu hadi mbili, ukichukua siku mbili kwa wiki wengine wanapunguza. Njoo na baba yake chuoni, ulizeni wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wanaosoma Kiingereza, kwa ajili ya binti omba mwanafunzi wa kike. Mtake kitambulisho cha chuo, piga nacho picha, muulize anakaa wapi na namba ya mtu anayemfahamu. Muungwana hawezi kukasirika. Muulize pia mitihani yake lini na mazoezi ya kufundisha lini, maana wakati huo tunapotea wiki kadhaa na mtoto anakatika katikati.

Atakayekuambia division one uhakika, au "maswali ninayo", mkimbie. Wapo wengi ikikaribia Novemba na hela za wazazi zinaliwa kweli.

Nikuambie na langu. Na mimi ni zao la shule ya kata, kidato cha pili Kiingereza nilipata F. Kilichonitoa ni mwalimu mmoja wa field, yaani mwanachuo wa mazoezi ya kufundisha, alikuja wiki nane tu, akanipa daftari dogo akasema kila siku andika sentensi tano za kitu kilichotokea leo nyumbani kwenu, sio za kwenye kitabu. Na alikuwa hasahihishi zote, anachagua kosa moja tu kwa siku. Siku ya kwanza sentensi tano zilinichukua saa nzima. Alipoondoka nilikuwa naandika ukurasa, makosa yamejaa lakini naandika, siogopi.

Bi_Tandika:
Mama wawili, mwanangu wa pili alipitia hayohayo kwa hiyo nitakuambia kitu ambacho walimu hawakukiona kwa sababu kilikuwa ndani ya nyumba yangu. Kaka zake walikuwa wanamcheka. Akijaribu kusema neno wanalirudia hilohilo kwa kumuigiza, na mimi nilikuwa nacheka nao, niliona ni utani wa nyumbani. Tulilipa mwalimu miezi miwili mtoto hafungui mdomo. Mwalimu ndio akaniita pembeni akaniambia mama huyu mtoto anaogopa. Niliumia sana. Nikapiga marufuku mtu kumcheka mwenzake, baba yao akasimamia, na haikupita muda akaanza kusoma kwa sauti barazani watu wanapita.

La usalama usilionee aibu hata kidogo. Sisi tulikubaliana hafundishi chumbani, ni barazani, na lazima mtu mzima awepo. Kama wewe haupo tafuta jirani mwenye baraza, muunganishe watoto watatu wa kidato kimoja mgawane malipo, elfu 10 inakuwa elfu tatu na kidogo kwa kila mzazi. Watatu, sio kumi.

dada_wa_Kisauni:
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Kiingereza kina pepa tatu, na ya tatu ni insha tupu, hapo ndipo watoto wetu wa Pwani wanapoanguka sana. Mie naona muanze kuzungumza Kiingereza nyumbani, hata kidogokidogo, ulimi uzoee.

Mwl_Chaki:
@dada_wa_Kisauni nakuelewa dada, ila nyumba ambayo wazazi hawakiongei hilo linageuka kuwa ukimya mezani, nimeona familia zikiacha kuongea. Mama huyu ana silaha nyingine, mtoto ana A ya Kiswahili. Mtoto wa A ya Kiswahili anajua insha inaanzaje, aya inabebaje hoja, barua inakaaje, barua rasmi na ya kirafiki zinatofautiana wapi. Hayo yote yapo kichwani mwake tayari, yanadai maneno tu. Kwa hiyo mama akitaka kusaidia, mtoto amsimulie kwanza kwa Kiswahili anachotaka kuandika, kwa mpangilio, halafu ndio akakae na kamusi. Hiyo kazi mama wa la saba anaiweza kuliko hata mimi.

Halafu kitu cha bure ambacho watu hawakitumii, NECTA kwenye tovuti yao wanaweka pasti pepa, na pia uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, kila swali wanaeleza wengi walikosea wapi na wanaonyesha mfano wa jibu zuri na jibu baya lililoandikwa na mtahiniwa mwenyewe. Mwalimu utakayempata akae na binti wasome hayo mabaya. Na maneno ya maswali awe na karatasi yake ukutani, outline, explain, discuss, justify. Nilishawahi kumuuliza mwanafunzi mbona swali la "discuss" umeruka, akanijibu "mwalimu nilidhani ni la watu wawili". Alikuwa hatanii, alidhani discuss ni kujadiliana na mwenzako na kwenye mtihani kuongea ni kosa.

mama_wawili_mbagala:
Wapendwa narudi na mrejesho, zimepita wiki nne. Karatasi niliipata, mwalimu wake alinipokea vizuri. Kati ya maswali yote, manne aliyaacha wazi kabisa, barua alipewa sifuri kwa sababu aliandikia mkuu wa shule wakati swali lilisema mjomba. Nilikaa nayo kwenye daladala naiangalia, yaani kwenye mwandiko mzuri vile.

Tulienda Chang'ombe tukampata binti wa mwaka wa tatu. Nikampa karatasi kama mwalimu alivyosema, akaisoma yote kimya, halafu akamuuliza mwanangu "mjomba wako anaitwa nani? Ungemwambia nini?" Nikajua ndio huyu. Anakuja Jumamosi na Jumapili alasiri, kwenye baraza la jirani, wapo watatu.

Daftari la sentensi tano linaendelea. Juzi aliandika "My mother wake up at ten and go to Temeke Stereo to buy tomatoes." Mwalimu akamuuliza kwani mama anaamka saa nne? Akashangaa, hapana, anaamka saa kumi alfajiri! Ndio wakachora saa, wakahesabu, saa kumi yetu kwa Kiingereza ni four. Kosa la siku lilikuwa hilo moja tu, yale ya wake na go wakayaacha. Kesho yake kaandika tena "at four", na go kaiwekea es mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Mtihani wa majaribio kapata 28. Bado F najua, ila hakuacha swali hata moja.

Swali langu la mwisho mwalimu, vile vitabu vya fasihi vya Kiingereza aanze sasa au asubiri maneno yaongezeke?

Mwl_Chaki:
28 bila kuacha swali nimeipenda kuliko 35 ya kubahatisha. Fasihi aanze sasa mama, asisubiri, maana maswali yale ya insha mwishoni yana maksi nyingi na hayajibiki kwa muhtasari wa kununua stendi. Achukue riwaya moja fupi kati ya zilizopangwa, kurasa tatu kwa siku, kila jioni akusimulie kwa Kiswahili nani kafanya nini na kwa nini. Wewe uliza tu kama unavyouliza habari za mtaani, "sasa huyo baba kwa nini kamfukuza?" Akikosa jibu arudi kwenye ukurasa akatafute. Tamthilia na mashairi waanze na mwalimu wake muhula ujao.