Crown yangu imeingiliwa usiku bila kuvunjwa kitu. Ufunguo umekopiwa au nini? Naomba ushauri

Mhamiaji wa Ilazo

Wanajamvi habari za asubuhi. Wenyeji wa huku, mbukwenyi.

Naomba ushauri, na wale wa "uza gari nunua pikipiki" naomba wapite kimya.

Nakaa Ilazo hapa Dodoma. Nina Toyota Crown Athlete ya 2010, zile za kuwasha kwa kubonyeza kitufe, ufunguo unakaa mfukoni tu. Usiku gari inalala ndani ya geti, hatua kama sita kutoka mlango wa mbele. Ufunguo huwa nautundika kwenye msumari pembeni ya huo mlango, ili asubuhi nisianze kuutafuta na kazini Mtumba kwenyewe si karibu.

Juzi Jumatano natoka saa kumi na mbili kasoro, nakuta mlango wa dereva umeegeshwa tu. Kiti kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Mimi ni mfupi, naendesha nimeukumbatia usukani, kwa hiyo niliona palepale kwamba kuna mtu mrefu kakaa hapo. Risiti za mafuta na karatasi za bima zote chini. Kile kiplastiki cha chini ya usukani kinaning'inia upande mmoja, klipu yake nimeikuta kwenye kapeti. Kioo kizima, kitasa hakina mkwaruzo. Redio ipo. Hata elfu saba ya chenji ipo.

Gari haikuondoka, na nadhani najua kwa nini: stata yangu mgonjwa. Asubuhi unabonyeza inalia "ta", unabonyeza tena "ta", mara ya nne au ya tano ndiyo inashika. Nimekuwa nasema nitaitengeneza tangu mwezi wa pili.

Wiki tatu zilizopita mtaa wa pili jirani alilala na Harrier tako la nyani, akaamka na alama za matairi. Hakuna aliyesikia kitu.

Je, hawa watu wanakopi mawimbi ya rimoti? Na kinga yake ni nini kabla hawajarudi?

Mtani wa Kongwa

Hiyo stata ipandishe cheo mkuu. Mlinzi wa usiku asiyelala wala kudai mshahara.

Fundi Umeme Kizota

Pole sana mkuu. Kuna vitu viwili hapa ambavyo watu wanavichanganya, mwishowe mtu ananunua dawa ya jino kutibu goti.

Cha kwanza ni kurefusha mawimbi. Gari yako ukigusa kitasa inatoa mwito wa masafa ya chini, kilohezi 125 au 134. Mwito huo haufiki mbali, kama sentimita 70 tu. Ufunguo ukiusikia unajibu kwa masafa ya juu, na gari inafunguka. Tatizo ni kwamba gari haipimi umbali. Ikisikia jibu sahihi inaamini mwenyewe kasimama hapo. Sasa mwizi mmoja anajibanza kwenye mlango wako na kifaa chenye antena, mwenzake yuko kwenye kitasa cha gari. Mwito unabebwa hewani mpaka kwenye msumari wako, ufunguo unaitika kama kawaida, jibu linarudishwa. Hapo hakuna kilichokopiwa. Ni ufunguo wako mwenyewe umefungua gari huku umetundikwa ukutani. Hata chipu iwe na siri ngumu namna gani haisaidii, maana hakuna aliyeivunja hiyo siri.

Cha pili ni kusajili ufunguo mpya. Soketi ya dayagnosisi, ile fundi anayochomeka mashine ya kupima gari, iko chini ya usukani, hapohapo kwenye kiplastiki chako. Mtu anachomeka mashine, anaiambia gari "huu nao ni wetu", anaondoka na ufunguo wake mwenyewe.

Nionavyo mimi, kwako walianza na la kwanza. Mlango ukafunguka, wakabonyeza, stata ikalia "ta". Wakadhani imobilaiza, kile kizuizi cha gari kinachokataa kuwaka bila ufunguo wake, imewakataa, wakachomeka mashine kutafuta njia nyingine, kukakaribia kukucha. Stata yako iliwadanganya.

Msumari ung'oe leo leo. Ufunguo uingie kwenye kopo la chuma lenye mfuniko unaobana, ulale chumba cha ndani. Halafu lijaribu: ingia nalo mpaka kwenye gari, simama karibu na mlango, vuta kitasa. Ikifunguka, kopo halifai.

Mzee wa Area C

Vijana mnapenda mambo ya mawimbi. Mimi nimeikuta Ilazo ni mashamba, na magari yaliyoibiwa mji huu nimeyasikia mengi. Mara nyingi mwizi alikuwa na ufunguo, na mwenye gari ndiye aliyempa. Kijana wa kuosha magari, binamu wa kuazimwa, fundi aliyeachiwa gari likalala kwake. Mwanangu, hebu jibu hili kabla hatujafika kwenye antena: mwaka huu ufunguo wako umeshikwa na nani na nani?

Asali ya Ndolela

Mzee hajakosea, ila mawimbi si hadithi. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH kule Zurich, Uswisi, walijaribu kurefusha mawimbi kwenye magari kumi ya makampuni manane na wakayafungua. Sasa hesabu vizuri: gari ya mwaka 2010 tuliyoagiza Japani ni ya kabla hata ya utafiti huo. Tunanunua magari yaliyotengenezwa wakati watengenezaji hawajaanza kuumiza kichwa na jambo hili. Funguo za siku hizi baadhi zina kihisio, zikitulia mezani dakika kadhaa zinalala, haziitiki hata ziitwe vipi. Yetu inaitika usiku kucha.

Kukopi chipu nako kupo. Mwaka 2020 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, na Birmingham, Uingereza, walionyesha udhaifu kwenye chipu za baadhi ya Toyota, Kia na Hyundai za kuzungusha ufunguo. Kwa Toyota, siri ya chipu ilitokana na namba ambayo chipu yenyewe inaitangaza. Lakini hapo mtu lazima asogeze kifaa karibu kabisa na ufunguo wako, na akishaingia bado ana kazi ya kuzungusha swichi kwa bisibisi. Kwa hiyo swali la mzee la nani kashika ufunguo linarudi palepale.

Binti Manyoni

Naongezea la maegesho, mimi yamenikuta. Nilishuka sokoni, nikabonyeza rimoti huku natembea, sikuangalia nyuma. Narudi na nyanya zangu, kompyuta mpakato haipo, gari haina hata alama. Kumbe kuna mtu alikaa na kifaa cha kuvuruga mawimbi, gari haikusikia "funga". Sasa hivi nabonyeza, nangoja taa ziwake, navuta kitasa. Wanangu wananicheka, wanasema mama anaagana na gari.

Mhamiaji wa Ilazo

Nimerudi na majibu. Jana usiku nimefanya jaribio, mke wangu kashika tochi, anasema nimeanza kuwanga.

Nilianza na foili ya jikoni, nikauviringisha ufunguo raundi moja. Nikasogea, nikavuta kitasa, ikafunguka kwa dharau kabisa. Raundi ya pili, ikafunguka tena. Nikaviringisha raundi nyingi mpaka ukawa kama kiazi cha kuchoma, ndipo ikagoma. Ila kila asubuhi nani atamenya hicho kiazi? Sufuria yenye mfuniko: mara igome, mara ifunguke, kutegemea mfuniko umekaaje. Kopo la maziwa ya unga la mtoto, lile la bati lenye mfuniko wa plastiki, gari ikafunguka. Mwisho kopo la bati la biskuti za Krismasi, mfuniko wa bati unaobana kwelikweli. Nikavuta kitasa mara kumi. Kimya. Limehamia chumbani juu ya kabati, na watoto wameambiwa hakuna biskuti humo.

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako limenikosesha usingizi. Gari ilipotoka bandarini nilikabidhiwa ufunguo mmoja tu. Mwezi wa tano nikatafuta fundi wa funguo anitengenezee wa pili. Kazi ilichelewa, gari ikalala kwake usiku mmoja.

Mzee wa Area C

Marahaba. Basi tumefika.

Fundi Umeme Kizota

Tulieni kwanza, tusimhukumu mtu. Mkuu, nenda kwa fundi mwingine mwenye mashine inayosoma Toyota vizuri, mwambie akuonyeshe funguo zilizosajiliwa ni ngapi. Mashine inaandika namba. Uwe umekaa kiti cha pembeni unatazama, na funguo zako zote mkononi. Kisha mwambie afute zote zisizokuwepo, zibaki zako tu. Ufunguo uliofutwa unakuwa pambo, hata aliyenao akae nao miaka kumi.

Msafiri wa Mtera

Mkuu umeripoti? Maana naona uko bize na makopo. Nenda kituo cha polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako, hata kama hawakuiba kitu, piga picha kile kiplastiki, na mwenyekiti wa mtaa ajue, hasa kwa kuwa kuna Harrier imeondoka jirani. Kama una bima kubwa, funguo zote zitunze. Mimi gari ilipoibiwa swali la kwanza niliulizwa "funguo zote mbili ziko wapi?" Mmoja nilikuwa nimeupoteza zamani, sikuwahi kusema. Nilizungushwa miezi.

Na kumbuka Dodoma ni katikati ya nchi. Gari ikitoka getini saa nane usiku, ina barabara ya Morogoro, ya Singida, ya Iringa kupitia Mtera na ya Kondoa kwenda Babati. Mpaka unapiga mswaki, hujui hata umpigie simu ndugu wa upande gani.

Asali ya Ndolela

Ndiyo maana treka, kile kifaa cha kuonyesha gari iko wapi, inasaidia, ila lipieni laini yake ya simu. Kaka yangu alikuwa na treka nzuri tu, gari ilipoondoka tukakuta bando liliisha tangu Pasaka.

Mtani wa Kongwa

Mwizi akirefusha mawimbi akaondoka, gari si itazima akifika mbali na ufunguo?

Fundi Umeme Kizota

Haizimi. Italia na kuandika kwamba ufunguo hauonekani, basi. Watengenezaji hawawezi kuruhusu injini izime katikati ya barabara eti kwa sababu betri ya ufunguo imekufa, wataua watu. Tangi likijaa, mtu anafika mbali sana bila kuzima. Akizima ndiyo haiwaki tena.

Kwa hiyo weka vizuizi visivyotumia mawimbi. Kufuli ya usukani, lile chuma la kuonekana kwa dirishani, bei yake haizidi kuku watatu wa kienyeji. Linaweza kukatwa, lakini kwa kelele na kwa muda, na mwizi wa kimyakimya hataki vyote viwili. Cha pili ni swichi ya siri kwenye waya wa pampu ya mafuta. Gari inawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba, inatembea kidogo, inakata. Ila hii usimpe kila mtu. Ifungwe kwa rilei na fyuzi, viungo vichomwe kwa risasi, visisokotwe na kuzungushiwa selotepu. Nimeshavuta gari Kibaigwa iliyozimika mbele ya lori kwa sababu ya swichi ya siri iliyolegea. Na isiwe chini ya kapeti la dereva. Hapo ndipo kila mtu anaficha.

Huo ufunguo wa akiba uutoe betri. Siku ukiuhitaji, unaugusisha kwenye kitufe cha kuwashia, gari inausoma kwa chipu ya ndani bila betri. Ukiwa hauna betri hauitiki mwito wa mbali.

Mhamiaji wa Ilazo

Wakuu, nimetoka kwa fundi mchana huu. Nilikaa kiti cha pembeni kama nilivyoelekezwa. Kioo cha mashine kimeandika funguo zilizosajiliwa: 3.

Mkononi ninazo mbili.

Nilipandwa na hasira, nikataka niende moja kwa moja kwa yule wa mwezi wa tano. Huyu fundi akanishika bega, akaniuliza, "Japani gari ilitoka na funguo ngapi?" Akasema mara nyingi zinatoka mbili. Mimi nilipewa mmoja. Huo mmoja na mwenzake ambaye sijawahi kumwona ni wawili, niliotengenezewa ni wa tatu. Hesabu inakubali bila mwizi yeyote ndani yake. Huyo nisiyemwona anaweza kuwa kwenye droo ya mtu kule Japani, anaweza kuwa popote kati ya meli na Ilazo. Sijui, na sitajua.

Tumeufuta. Mashine sasa inasoma 2. RB ninayo, mwenyekiti wa mtaa ana picha. Kufuli ya usukani nimenunua ya njano, inaonekana kutoka barabarani. Swichi nafungiwa keshokutwa, mahali sisemi humu.

Swali la mwisho. Fundi kaniambia stata ni kaboni tu zimeisha, nusu saa inapona. Niipeleke?

Mtani wa Kongwa

Usithubutu.

Mzee wa Area C

Peleka. Siku wakija wajukuu zangu usiku wanaumwa, nitakuja kugonga kwako nikitaka gari linalowaka mara moja.

Mhamiaji wa Ilazo

Sawa mzee. Jumamosi asubuhi naipeleka.