Wajukuu wa Bibi Marangu: Jumamosi usiku kikundini

Neema Dudley, 21:48
Shikamooni wakubwa. Wadogo habari zenu. Ndiyo naingia nyumbani sasa hivi, huku Dudley, Uingereza. Yule mzee jirani yangu amenipeleka kwenye pabu, yaani baa, yake ya siku zote. Nina mengi ya kusema, nani yuko macho?

Happy Dar, 21:49
Mimi nipo, mtoto kagoma kulala. Leta picha kwanza.

Neema Dudley, 21:51
[Picha: jengo la matofali, maandishi makubwa yamepakwa rangi ukutani juu ya madirisha]

Hii inaitwa The Vine, iko Delph Road, Brierley Hill. Si mbali na kwangu. Ila mkiuliza The Vine wengine hapa hawatawaelewa haraka, wenyewe wanaiita Bull and Bladder, Fahali na Kibofu, maana zamani hapo palikuwa bucha.

Eliya Mwanza, 21:52
Hayo maandishi yanasemaje?

Neema Dudley, 21:53
Yanasema: ubarikiwe moyo wako, unapika pombe nzuri. Ni maneno ya Shakespeare. Nilisimama pale barabarani nikayasoma mara mbili, nikamkumbuka Bibi.

Bamdogo Arusha, 21:55
Marahaba mwanangu. Yaani wameandika ukutani kabisa? Hiyo ndiyo baa ya kwenda.

Neema Dudley, 21:56
Bamdogo, na kiwanda chenyewe kiko hapo hapo ubavuni. Kinaitwa Bathams, ni cha ukoo mmoja tangu 1877. Wana pabu kama dazeni hivi na wala hawakimbilii kuwa wakubwa. Bia inapikwa, inavuka ua, inanyweka.

Happy Dar, 21:57
Sasa wewe si mnywaji, ulienda kunywa nini?

Neema Dudley, 22:01
Nilichukua nusu glasi. Painti nzima kisheria ni mililita 568, na pale huoni haya kuagiza nusu. Mzee alichukua painti ya bia yao nyeusi, mild, ina asilimia 3.5 tu. Akaniambia ndiyo waliyokuwa wakinywa wachimba makaa na wafua minyororo wakitoka kazini, wamekauka jasho lote. Huku kote kunaitwa Black Country, Nchi Nyeusi, kwa sababu ya moshi na makaa ya mawe ya enzi hizo. Nanga kubwa ya meli ya Titanic ilifuliwa Netherton, dakika chache tu kutoka hapa.

Eliya Mwanza, 22:02
Ilikuwa ya baridi? Nasikia bia yao ya moto.

Neema Dudley, 22:06
Si ya moto, Eliya. Ni ubaridi wa chungu kilichowekwa kivulini. Nyuzi 11 hadi 13 hivi. Ukiigandisha kama tunavyopenda nyumbani huonji kitu. Ile ya kwangu nilionja kwanza utamu kidogo, halafu uchungu ukaja nyuma polepole. Mapovu machache. Haikuunguzi pua.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Hiyo bia IKO HAI.

Happy Dar, 22:06
Hai vipi?

Neema Dudley, 22:12
Bia ya chupa au ya kegi tunayoijua, mara nyingi hamira yake huchujwa au huuawa kwa joto, halafu inasukumwa na gesi. Hii wanaitia kwenye pipa na hamira yake ikiwa hai, inaendelea kuchachuka ndani ya pipa mpaka ifike kwako. Mapovu unayoyaona ni ya kwake yenyewe. Hakuna gesi ya kuongezewa. Mhudumu anavuta mpini mrefu kama wa pampu ya kisima, bia inapanda kutoka stoo ya chini ya nyumba.

Mzee ni rafiki wa mwenye pabu, wakanishusha huko chini kuona. Mapipa yamelazwa ubavu. Pipa la kawaida ni galoni 9, painti 72. Juu kuna tundu, wanachomeka kigingi cha mti laini ili pipa lipumue. Likishatulia wanaweka kigingi cha mti mgumu kulifunga. Halafu haliguswi! Ukilitikisa, machicha yanapanda na bia inakuwa na ukungu. Wanaliacha siku nzima au zaidi, mwenyewe anaonja kila asubuhi, ndiye anayesema leo limekuwa tayari.

Na likishafunguliwa lina kama siku tatu. Hewa imeshaingia, baada ya hapo linaanza kuwa siki.

Shangazi Moshi, 22:14
Neema mbona unanieleza mbege, pombe yetu ya ndizi

Neema Dudley, 22:14
Shikamoo Shangazi! Nilikuwa nakungoja wewe.

Shangazi Moshi, 22:17
Marahaba mama. Mbege ni hivyo hivyo. Ukiichanganya jioni, kesho yake ni tamu, kesho kutwa ni kali, siku inayofuata ni ya kumwaga. Na mtungi hausogezwi. Mama alikuwa akitufukuza jikoni tusiukanyagie kishindo.

Eliya Mwanza, 22:18
Wanachujaje hayo machicha sasa?

Neema Dudley, 22:20
Hawachuji. Eliya hii utaipenda: wanatia dawa inayotokana na kifuko cha hewa cha samaki. Inashika hamira na kuizamisha chini, bia inabaki kung'aa kama kioo.

Eliya Mwanza, 22:20
MABONDO?? Mabondo ya samaki?

Neema Dudley, 22:21
Ndiyo hayo hayo. Siku hizi wengine wameacha ili wasiokula nyama wanywe bila wasiwasi.

Eliya Mwanza, 22:22
Mimi nauza mabondo ya sangara mwaka wa nane huu, najua yanakwenda China kwenye supu. Ya bia sikuwahi kusikia. Kesho nawaambia wenzangu mwaloni.

Mjomba Mwalimu, 22:31
Amani ya Bwana iwe nanyi. Nimesoma yote. Neema mwanangu, mimi nitasema lililo moyoni kwa sababu nakupenda. Pombe imetuzikia watu katika ukoo huu. Mnajua ninamsema nani. Uko peke yako ugenini, kazi yako ni ya usiku, upweke ni mwingi. Sipendi kuona unafurahia baa.

Happy Dar, 22:31
Shikamoo Mjomba.

Neema Dudley, 22:40
Shikamoo Mjomba. Nimekusikia na sikukatalii. Nami huku wodini nawahudumia walioharibika ini, wengi ni wa kununua chupa za bei rahisi supamaketi na kujifungia ndani. Naomba nikueleze kwa nini nilikwenda.

Huyu mzee alifiwa na mke miaka mitatu iliyopita. Watoto wako mbali. Kila Jumamosi saa nane mchana anakwenda pale, anakaa kiti kile kile karibu na moto, anakunywa mbili anarudi. Mwezi wa pili Jumamosi moja hakutokea. Ilipofika saa tisa wakamtuma kijana aje kumgongea. Hakufungua. Kijana akaja kugonga kwangu kwa sababu nina ufunguo wa akiba. Tulimkuta kaanguka bafuni tangu usiku wake, nyonga imevunjika, anatetemeka. Mjomba, mimi naishi ukuta kwa ukuta naye, nilikuwa nimelala baada ya zamu, sikujua. Waliojua ni wale wa pabu, kwa sababu kiti kilikuwa kitupu.

Leo ndiyo mara yake ya kwanza kurudi, na mkongojo. Akaniomba nimsindikize. Ningekataaje?

Mjomba Mwalimu, 22:41
Sikujua hayo.

Zuhura (wifi), Tanga, 22:44
Assalaam aleikum wapendwa. Pole sana kwa mzee, wifi. Anaendeleaje? Na mtu asiyekunywa kama mimi akiingia humo wanamtazama vibaya?

Neema Dudley, 22:50
Waaleikum salaam wifi yangu. Anaendelea vizuri, leo kacheka mpaka kakohoa. Hapana, hawakutazami. Pale kuna mama mmoja alikuwa na maji ya limau tu na mbwa wake chini ya meza. Hakuna muziki, watu wanazungumza. Kuna vyumba vidogo vidogo, wengine wanacheza domino. Huhudumiwi mezani, unakwenda mwenyewe kaunta, na foleni hakuna lakini kila mtu anajua nani alitangulia. Ukinunuliwa, raundi ijayo ni yako. Chakula ni mikate ya duara yenye jibini na kitunguu kibichi, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa hadi ikawa kavu, hiyo wewe ungeipita.

Zuhura (wifi), Tanga, 22:51
Hiyo ningeipita ndiyo. Ila ya foleni ya kichwani nimeipenda.

Bamdogo Arusha, 22:55
Hizi pabu si zinafungwa? Niliwahi kusikia zinakufa.

Neema Dudley, 23:03
Zinafungwa kila mwaka Bamdogo. Umeme na gesi vimepanda, kodi, na bia ya dukani ni nafuu mno. Na hii bia yenyewe ilikaribia kupotea. Miaka ya sitini viwanda vikubwa viliingiza kegi kila mahali, maana haihitaji mtu wa kuilea. Mwaka 1971 wanywaji wenyewe wakaanzisha chama, CAMRA, cha kuitetea. Wakati huo pabu zilizokuwa bado zinapika bia zao zenyewe zilibaki nne Uingereza nzima! Moja ni ya hapa Netherton, Old Swan, lakini wote wanaiita kwa jina la mama aliyekuwa akiiendesha, Ma Pardoe. Dari lake ni la bati lililochorwa bata maji mkubwa. Mzee kaahidi kunipeleka nyonga ikipona sawasawa.

Nne tu. Nilipoambiwa nikaanza kujiuliza: kwetu wamebaki wangapi wanaojua mbege ya Bibi?

Happy Dar, 23:04
Mimi sijui. Najua kunywa togwa tu.

Eliya Mwanza, 23:04
Sijui.

Bamdogo Arusha, 23:06
Mimi nilikuwa nabeba ndizi na kupasua kuni. Kupika hatukuruhusiwa wanaume.

Shangazi Moshi, 23:07
Ni mimi. Dada yetu alikuwa anajua, naye ametangulia.

Mjomba Mwalimu, 23:15
Hayo maneno ya Shakespeare ukutani, Neema, niliwahi kuyafundisha. Yanatoka katika igizo, watumishi wawili wanasoma orodha ya sifa za mwanamke ambaye mmoja wao anampenda. Mojawapo ni kwamba anapika pombe nzuri. Zamani Uingereza kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, nyumbani, kama kwetu. Waliuza iliyozidi.

Mama alilipa ada yangu ya sekondari kwa mbege. Ya Shangazi yenu pia. Kila Jumanne mtungi, kila Jumatano kilabu pale chini ya mringaringa. Mimi sinywi na sitakunywa, lakini nimesomeshwa na mtungi ule na sijawahi kuyasema haya mbele yenu.

Shangazi Moshi, 23:16
Kaka

Shangazi Moshi, 23:17
Na alikuwa anawahesabu. Mzee asipokuja Jumatano anatuma mmoja wetu na kata ya mbege tukamwangalie.

Neema Dudley, 23:18
Shangazi nimesimama jikoni kwangu nalia.

Happy Dar, 23:20
Shangazi tufundishe. Tuandikie hapa hapa, nitahifadhi.

Shangazi Moshi, 23:34
Kuandika nitaandika lakini mbege haifundishwi kwa simu. Sikilizeni.

Ndizi ziive mpaka ganda liwe jeusi. Zinachemshwa kwenye sufuria kubwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu. Zinaachwa zichachuke siku kadhaa, mkono na pua ndivyo vinavyokuambia. Zinachujwa. Pembeni ulezi, unaulowesha, unauacha uote, unauanika, unausaga. Hicho ndicho kimea. Unaupika uji, tunauita mso, na ndani yake gome la msesewe. Msesewe ndio unaoleta uchungu, ukizidisha watu hawanywi, ukipunguza haikai. Uji ukipoa unachanganya na maji ya ndizi. Usiku mmoja. Asubuhi unaisikia inaongea mtungini.

Neema Dudley, 23:36
Wao uchungu wanaupata kwa maua ya mmea unaotambaa, hopsi, na kazi yake ni hiyo hiyo, uchungu na kuzuia isiharibike. Na kimea chao ni cha shayiri, inaloweshwa inaota inakaushwa. Shangazi, wewe na yule bwana wa stoo mngeelewana bila mkalimani.

Shangazi Moshi, 23:37
Mlete Desemba

Neema Dudley, 23:38
Yeye siwezi, ila mimi nimeshakata tiketi. Natua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, tarehe 18.

Bamdogo Arusha, 23:40
Basi tufanye tarehe 22, wote tutakuwa tumeshapanda nyumbani. Ndizi za kihambani zipo, nitamwambia kijana asizikate kabla. Kuni juu yangu.

Eliya Mwanza, 23:41
Ulezi naleta kutoka huku. Mwekundu. Shangazi kiasi gani?

Shangazi Moshi, 23:43
Kilo kumi. Uwe mpya, wa zamani hauoti. Uufikishe mapema tarehe 10, mpe mtu wa basi, maana kimea kinataka wiki nzima. Msesewe nitautafuta mwenyewe, mti wa Mama upo bado kule mtoni.

Happy Dar, 23:44
Mimi nitakaa na Shangazi jikoni tangu siku ya kwanza, na Neema. Na wavulana nao waingie, hiyo ya wanaume kutopika tuiache, la sivyo itabaki kwa wawili.

Shangazi Moshi, 23:45
Waingie. Wanyamaze tu karibu na mtungi.

Zuhura (wifi), Tanga, 23:46
Mimi na watoto tutapika pilau.

Mjomba Mwalimu, 23:49
Dada, mimi na Zuhura tutengee nini?

Shangazi Moshi, 23:50
Togwa yenu naichota siku hiyo hiyo kabla haijalala. Kama Mama alivyokuwa akikufanyia.

Mjomba Mwalimu, 23:52
Aika, asante. Na tarehe 22 kabla ya kuanza tupite kwa wale wazee watatu wa chini ya barabara, tuwaambie. Mmoja sijamwona kanisani Jumapili mbili. Kesho nitapita.

Neema Dudley, 23:53
Utuambie Mjomba ukishamwona.