Wenye tovuti za mitihani iliyopita, mnawaharibia watoto hesabu!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nafundisha hisabati sekondari na nimechoshwa na hizi tovuti zinazojaza mitihani na notisi huku alama za hesabu zimevurugika kurasa nzima.

Chukua swali la duara. Eneo ni πr². Kwenye tovuti moja ambayo wanafunzi wangu wote wanaitumia, imeandikwa pr2. Herufi p! Aliyechapa alitumia ile fonti ya zamani ya Symbol, ambayo ukibonyeza p inakuchorea π, kisha akanakili na kubandika. Kwenye simu ya mtoto fonti hiyo haipo, ikabaki p tupu, na kipeo cha pili nacho kikashuka kikawa 2 ya kawaida. Mtoto akipewa nusukipenyo cha 7 anachukua 22/7 mara 7 mara 2, anapata 44. Jibu sahihi ni 154. Kibaya zaidi, 44 ndiyo mzingo wa duara hilohilo, kwa hiyo hata kwenye maswali ya kuchagua anaikuta imo, anaizungushia na kuendelea akiamini kapata.

Vipeo ndivyo vinavyoniuma kuliko vyote. 2⁵ inakuwa 25. 10⁻³ inakuwa 10-3, mtoto anajibu 7. Kasi ya mwanga inasomeka 3 x 108 m/s, yaani mita 324 kwa sekunde! Na dawa yake ni tagi ya <sup> tu, ile ya kupandisha namba juu, imo kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, tangu miaka ya tisini.

Halafu kuna yale madudu: âˆš badala ya √, Ï€ badala ya π, â‰¤ badala ya ≤. Msiwadanganye watu kwamba simu zao ni mbovu. Ukurasa mmeuhifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti, lakini kivinjari kinaambiwa ni mfumo mwingine wa zamani, basi baiti tatu za √ kinazisoma kama herufi tatu. UTF-8 ipo tangu 1992! Andika <meta charset="utf-8"> juu ya ukurasa, hakikisha seva haitangazi kitu kingine, umemaliza.

Na hili hata waliosomea kompyuta wanalifanya: kuandika a<b na c>d hivyohivyo ndani ya HTML. Kivinjari kinadhani <b na c> ni tagi ya kukoleza wino. Kinachobaki kwenye kioo ni "ad", na maandishi yote ya chini yake yamekolea. Swali zima la kutolingana limemezwa, mwanafunzi hajui hata kama kuna kitu kimepotea. Alama hiyo huandikwa &lt; jamani.

Wapo watakaosema "si tuweke picha". Picha za milinganyo zinakula bando, ukizivuta zinakuwa ukungu, na mwanafunzi asiyeona anayetegemea simu imsomee hasikii chochote. MathML, lugha ya kuandika hesabu ndani ya ukurasa, ilipitishwa 1998, Firefox inaielewa miaka mingi, Chrome nayo inaionyesha tangu toleo la 109 la Januari 2023. MathJax, programu ya kuonyesha milinganyo kwenye ukurasa, ni ya bure. Kisingizio kiko wapi?

Niliwaandikia wenye tovuti hiyo, nikawapa na mifano. Jibu lao: lipia upate PDF, huko alama ziko sawa. Kwa hiyo mnajua! Mnajua kwamba mtoto asiye na hela anasoma kanuni za uongo, na mmeziacha hapo hapo pamoja na matangazo yenu.

Mwenye tovuti ambayo vipeo, vipeuo na alama za kutolingana vinaonekana sawasawa kwenye simu ya bei ya chini, aweke kiungo hapa. Mitihani ya Moko inakaribia na nataka kuwahamisha wanafunzi wangu wote.