Mrejesho: mbegu za mkrismasi zimeota

Niliuliza kwa nini mbegu za mkrismasi (Delonix regia) hukaa udongoni bila kuota. Ahsanteni sana, tatizo ni ganda: ni gumu na halipitishi maji. Sugua ubavu wa mbegu kwa msasa hadi rangi ya ndani ionekane, usiguse ncha yenye kiini, kisha loweka saa 24 katika maji ya uvuguvugu. Zilizovimba zipandwe, kina cha sentimita 2. Zisizovimba zirudi kwenye msasa. Zilizosuguliwa zimechipua karibu zote.

Changanyeni mchanga kwenye viriba (vifuko vya kuoteshea miche), kwani maji yakituama mche huoza shingo. Na jamani, msiupande karibu na nyumba! Mizizi hutambaa juujuu na kuinua sakafu. Mita 10 zinatosha. Maua yanaweza kuchukua miaka 5 au zaidi.